Mwanafunzi Anapodai Sababu

Mtaala wa shule za sekondari nchini Tanzania ulipobadilishwa mwaka 2005, ukaacha kuhesabu mada zilizofundishwa na kuanza kutazama umahiri anaopaswa kuupata mwanafunzi, maneno "fikra tunduizi", yaani kupima kauli kwa sababu zake kabla ya kuikubali, yaliingia kwa kishindo katika semina zetu, katika maandalio ya masomo na katika fomu za wakaguzi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, na nimefundisha Dar es Salaam na mkoa wa Pwani kwa muda wa kutosha kuyaona maneno hayo yakigeuka kuwa kisanduku cha kutiwa alama ya vema. Katika semina moja tuligawiwa orodha ya vitenzi, changanua, linganisha, tathmini, tukaambiwa kwamba tukivitumia katika malengo mahususi ya somo tutakuwa tunafundisha kufikiri. Orodha ile imetokana na kazi iliyoongozwa na Benjamin Bloom huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1956, na kusudi lake la awali lilikuwa kuwasaidia watahini wa vyuo kuyapanga maswali yao. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Lakini hakuna aliyetueleza wazo lenyewe la kufikiri kitunduizi lilizaliwa kujibu tatizo gani, wala kwa nini palikuwa na mtu aliyeuawa kwa ajili yake.

Nilianza kulitafuta chimbuko hilo nilipokuwa nikisoma Falsafa ya Elimu chuoni jioni, baada ya vipindi vya mchana, na nimeendelea kulitafuta hadi leo kwa sababu kila nilichosoma kilinibidi nikijaribu kesho yake mbele ya darasa lenye wanafunzi zaidi ya 70. Wanafalsafa niliowasoma hawakukubaliana katika mengi. Hata hivyo, jambo moja nimeliona kwao wote, nami nalishikilia kuliko mengine yote: kufikiri kitunduizi ni makubaliano baina ya watu kwamba yeyote anayetoa kauli, mwalimu akiwa wa kwanza, anaweza kudaiwa sababu, na kauli yake itapimwa kwa sababu hizo wala haitapimwa kwa cheo chake. Mahali ambapo makubaliano hayo hayapo, vitenzi vya Bloom vinabaki kuwa mapambo ya andalio la somo.

Socrates wa Athens, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ndiye anayetajwa kwanza katika vitabu vyote, na ni haki yake. Njia yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Alikuwa akimwendea mtu anayesifika kwa jambo fulani, jemadari kwa mfano, akamuuliza ushujaa ni nini, akalipokea jibu lake na kulifuata hatua kwa hatua mpaka jemadari mwenyewe akaona kwamba jibu hilo halipatani na mambo mengine anayoyaamini. Mwaka 399 kabla ya Kristo alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana, akahukumiwa kifo na baraza la wananchi wapatao 500.

Ninapofundisha habari hii katika kipindi cha Kiswahili huiweka kando ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ambamo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa ugenini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao na kuambulia adhabu. Karama anashinda kesi. Swali ninalowapa wanafunzi ni kwa nini Karama alishinda na Socrates akashindwa, na nimepokea majibu ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. Binti mmoja alisema kwamba Karama alileta mashahidi, kwa maana kila mjumbe aliyesimuliwa ni ushahidi, ilhali Socrates, alipotakiwa apendekeze adhabu yake mwenyewe, alisema anastahili kulishwa kwa gharama ya mji kama washindi wa michezo, jambo lililowaudhi waamuzi. Kijana aliyekaa nyuma yake akampinga: kama hoja ya mtu ni ya kweli, kuudhi kwake kunaingiaje katika hukumu? Tulitumia kipindi kizima katika swali hilo, na lilistahili.

Kipande cha maandishi ya Plato, mwanafunzi wa Socrates, kilichonifaa zaidi kazini, hata hivyo, ni cha mazungumzo yaitwayo Meno, jina la mtu anayezungumza na Socrates, ambamo Socrates anamwita mtumwa mdogo ambaye hajasoma hesabu na kumtaka atafute mraba ulio maradufu ya mraba wa futi mbili kwa mbili. Mtoto anajibu haraka kwamba pande zifanywe maradufu. Anaonyeshwa kwamba kwa kufanya hivyo atapata eneo mara nne. Anajaribu futi tatu, anapata tisa badala ya nane, kisha anakiri kwamba hajui. Hapo Socrates anamgeukia Meno na kumuuliza kama mtoto amedhurika kwa kufikishwa hapo, maana awali alidhani anajua na sasa anatamani kujua.

Mimi na mwalimu wa Hisabati tuliamua kuyafanya hayo uwanjani kwa kamba ya katani na vigingi. Tulichora mraba wa mita mbili kwa mbili kwenye vumbi, tukawaomba wanafunzi wa klabu ya mdahalo watengeneze mwingine wenye eneo maradufu. Majibu yalikuja kwa mpangilio uleule ulioandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: kwanza mita nne kila upande, kamba ikavutwa, ikaonekana miraba minne ya awali imeingia ndani yake, kisha mita tatu, wakahesabu, wakapata tisa. Kisha kimya. Nilikuwa nimekubaliana na mwenzangu kwamba katika kimya hicho hatutasema neno, na ilituwia vigumu sana, kwa sababu mwalimu aliyelelewa kwa kutoa majibu huona kimya cha wanafunzi kama deni lake.

Msichana mmoja aliketi pembeni, akachana karatasi ya daftari na kuikata iwe mraba, akaanza kuikunja. Alizileta pembe zote nne katikati, kama mtu anayekunja bahasha, akabaki na mraba mdogo mkononi. Akaikunjua, akaikunja tena, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hizi pembe nne zimeufunika huu wa ndani wote, hazikuzidi wala hazikupungua. Kwa hiyo wa nje ni maradufu ya wa ndani." Wenzake wakamzunguka. Mmoja akamdai sababu: "Umejuaje hazikuzidi?" Akamwonyesha mikunjo inavyokutana katikati bila kupandana. Kisha wote wakarudi kwenye vigingi, wakapima kamba kutoka pembe moja ya mraba wetu hadi pembe inayoikabili, wakajenga mraba mpya kwa urefu huo, na mwalimu wa Hisabati akawauliza maswali mpaka jua likazama.

Nilipoirudia Meno usiku ule niliona jambo ambalo hapo awali nililipita. Katika maandishi ya Plato, mstari wa kutoka pembe hadi pembe anauchora Socrates mwenyewe, na sehemu kubwa ya majibu ya mtoto ni "ndiyo" na "bila shaka". Maswali yanamwongoza kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba, ingawa kamba yenyewe imefichwa. Naamini kwamba hapo Socrates anatuachia somo na tahadhari kwa pamoja, kwa maana mwalimu anaweza kuuliza maswali kipindi kizima na kumbe bado anahubiri. Tangu siku ile najipima kwa kipimo kimoja tu: je, katika kipindi hiki mwanafunzi amesema jambo ambalo mimi sikulitayarisha?

Upinzani mkubwa nilioupata haukutoka kwa wakuu wa shule. Ulitoka kwa wazazi, na nauheshimu. Baba mmoja alikuja shuleni akiwa amefadhaika kwa sababu alisema mezani kwamba kusoma siku hizi hakuna faida, na mwanawe akamuuliza mbele ya wadogo zake, "Baba, umejuaje?" Aliniambia, "Mwalimu, mwanangu alikuwa na heshima kabla hajaingia kwenye klabu yako." Katika jamii ambayo mtoto hufundishwa kutoa shikamoo kama sehemu ya malezi, na ambayo sauti ya mkubwa haikatizwi, malalamiko hayo hayawezi kujibiwa kwa kusema kwamba dunia imebadilika. Yalihitaji jibu lenye mizizi, na mizizi hiyo niliipata Baghdad.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefundisha Baghdad, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, aliandika mwishoni mwa maisha yake habari za namna alivyotilia shaka kila alichokirithi. Aliona kwamba watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Wayahudi wakawa Wayahudi, na wa Waislamu wakawa Waislamu, akajiuliza ni kitu gani anachokijua kwa hakika ambacho hakukipokea tu kwa wazazi na walimu. Alitilia shaka hata macho, kwa kuwa kivuli huonekana kimesimama ilhali kinasogea, na nyota huonekana ndogo kama dinari ilhali hesabu za falaki zinasema ni kubwa kuliko dunia. Jambo lililonigusa zaidi ni jinsi alivyowakabili wanafalsafa ambao hakukubaliana nao. Alisema kwamba kuipinga elimu kabla ya kuielewa mpaka undani wake ni kurusha mishale gizani, akajifunza falsafa peke yake katika saa chache alizozipata huku akiwa na wanafunzi 300 wa kuwafundisha. Aliandika kitabu kizima cha kueleza makusudio ya wanafalsafa na kingine cha kuwapinga, na cha kwanza kilikuwa cha uaminifu kiasi kwamba huko Ulaya waliokisoma kwa Kilatini walimdhania kuwa mmoja wao. Ibn Rushd, mwanafalsafa mwingine wa Kiislamu, naye akaja baadaye kumpinga Ghazali, akimnukuu hoja kwa hoja kabla ya kumjibu.

Kutokana na hayo niliweka kanuni ambayo haijawahi kuvunjwa katika klabu yetu: huruhusiwi kumpinga mtu mpaka uirudie hoja yake kwa maneno yako na yeye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanafunzi anaanza hivi, "Samahani, nimekuelewa kwamba unasema hivi na hivi, kwa sababu hii, je, ni sawa?" Mwenzake akisema bado, anarudia. Akikubali, ndipo "lakini" yake inaruhusiwa. Nilimweleza yule baba kanuni hiyo na habari za Ghazali, nikamwambia, "Mzee wangu, sitaki mwanao aache kukuheshimu, nataka akusikilize mpaka mwisho kuliko anavyokusikiliza sasa." Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika darsa alizokaa ujanani, sheikh wao alikuwa akitaja kwanza kauli ya wenye hitilafu na dalili zao, halafu ndipo anataja ile anayoiona ina nguvu na kueleza kwa nini. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Wengi wetu tumeyahukumu madarasa ya zamani kwa kuhifadhi kwake tu, tukasahau kwamba juu ya kuhifadhi kulikuwa na ngazi nyingine ambamo mwanafunzi alitakiwa ajue wanazuoni wametofautiana wapi na kila mmoja ameshika dalili gani.

John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, ndiye aliyeyaleta mambo haya katika shule za kisasa, na watu wengi wanaotumia maneno fikra tunduizi leo wanatembea juu ya msingi wake bila kumtaja. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu namna tunavyofikiri, alieleza fikra ya kutafakari kuwa ni kuichunguza imani yoyote kwa bidii, kwa kudumu na kwa uangalifu, tukiangalia misingi inayoitegemeza na mahali inapotupeleka. Akasisitiza kwamba mtu hafikiri kwa kuamriwa afikiri, hufikiri akikwama. Mfano wake mmoja ni wa kivuko alichokuwa akipanda kila siku. Kwenye sitaha ya juu palikuwa na mti mrefu mweupe uliochomoza mbele ukiwa karibu kulala, wenye mpira wa rangi ya dhahabu nchani. Alidhani ni mlingoti wa bendera, lakini haukuwa na kapi wala kamba, na bendera zilikuwa na milingoti mingine iliyosimama wima. Akafikiria kuwa ni pambo, kisha kuwa ni wa simu ya upepo, akayapima hayo yote na kuyaacha. Mwishoni alikata shauri kwamba ni wa kumwonyesha nahodha pua ya chombo inakoelekea, kwa sababu nahodha angeuona vizuri kutoka chumba chake.

Niliwasimulia wanafunzi habari hiyo bila kuwapa jibu la Dewey. Wale wanaoishi Kigamboni na kuvuka kila asubuhi kuja mjini walichangamka kuliko wengine, kwa kuwa kivuko wanakijua kwa miguu yao. Tulipomaliza, mmoja wao akaleta kitendawili chake mwenyewe: kwa nini siku nyingine kivuko hakielekei gatini moja kwa moja, kinaanza kwa kukata upande, na siku nyingine kinakwenda kimenyooka? Niliwataka waandike dhana zao kabla ya kwenda kutazama, wataje pia ni kitu gani wakikiona kitawafanya waiache dhana hiyo. Sharti hili la pili ndilo lililokuwa gumu. Kila mmoja alijua ni nini kingemthibitishia, na wachache sana walijua ni nini kingewakanusha. Walirudi na maelezo ya maji kupwa na kujaa, na mmoja wao, mtoto wa mvuvi, akawaambia wenzake saa ambayo wangekiona tena kivuko kikikata upande. Wakaenda, wakaangalia.

Matthew Lipman, profesa wa falsafa aliyeona kwamba wanafunzi wanafika chuo kikuu wakiwa wamechelewa kujifunza kutoa hoja, aliendeleza mawazo ya Dewey kwa kuanzisha falsafa kwa watoto huko New Jersey katika miaka ya 1970, darasa likiwa jamii ya wachunguzi walioketi duara. Kwa darasa letu duara moja haliwezekani. Tunatumia mawili chini ya mwembe: la ndani linajadili, la nje linaandika ni nani aliyetoa sababu na ni nani aliyetoa kauli tupu, kisha wanabadilishana.

Nafika sasa mahali ambapo moyo wangu upo zaidi. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Tumezoea kuukumbuka kwa mashamba ya shule na majembe. Ndani yake, hata hivyo, alitaja mambo matatu ambayo elimu yetu inapaswa kuyakuza kwa kila raia: akili yenye kupenda kuuliza, uwezo wa kujifunza kutokana na yale wanayofanya wengine na kuyakataa au kuyarekebisha kulingana na mahitaji yake, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wengine katika jamii. Haya ni maneno ya fikra tunduizi, yameandikwa na mwalimu aliyefundisha Tabora na Pugu, na yalikuwepo miongo mingi kabla ya semina yetu na orodha yake ya vitenzi. Nasikitika kwamba tuliyachukua majembe na kuacha maswali, halafu tukaja kuyaagiza maswali kutoka ng'ambo kana kwamba hayakuwahi kuwa nyumbani.

Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki sekondari. Kwa kuwa nafundisha masomo mawili, moja kwa kila lugha, naona kila wiki tofauti ambayo mwalimu wa somo moja hawezi kuiona. Watoto ni walewale, chumba ni kilekile. Katika kipindi cha Historia, nikiuliza kwa Kiingereza sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, napata hoja sita zilizokaririwa, kwa mpangilio mmoja, wakati mwingine na kosa moja la tahajia kwa darasa zima. Nikiuliza wanazionaje hoja hizo, wanatazama madawati. Baada ya mapumziko, katika kipindi cha Kiswahili, midomo ileile haizibiki.

Siku moja niliamua kulihamishia swali la Historia katika Kiswahili, na kijana ambaye sikumbuki kama aliwahi kuninyooshea mkono kabla ya hapo alisimama. Alisema, "Mwalimu, kitabu kinasema wapiganaji waliamini kwamba dawa ya Kinjikitile itageuza risasi kuwa maji. Aliyeandika wakati ule ni Mjerumani, tena ndiye aliyewaua. Sisi tumejuaje kwamba waliamini hivyo?" Darasa likamgeukia yeye, kisha likanigeukia mimi. Nilimweleza kwamba Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, siku chache baada ya vita kuanza kwa kung'olewa kwa pamba huko Umatumbi, kwa hiyo hatuna maelezo yake mwenyewe. Nikamweleza pia kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado hai, kwa sababu swali kama lake liliwasumbua wanahistoria wa wakati huo. "Basi na wazee nao tuwapime," akasema, "maana ilikuwa imepita miaka 60." Kijana huyu alikuwa anafanya kazi ya mwanahistoria. Kilichokuwa kimemzuia miaka yote ile ni kutakiwa kutilia shaka katika lugha ambayo hata kukubali ndani yake kulimtoa jasho. Siku hizi tunajadili kwanza kwa Kiswahili, kisha tunaandika kwa Kiingereza kinachotakiwa na mtihani, na sijaona Kiingereza chao kikizorota kwa sababu hiyo. Kimepata cha kusema.

Nilibaki na swali moja, kama kufikiri huku ni kwa wasomi peke yao, na kwa hilo Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alinifungua macho. Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake waliwaendea wazee wa vijijini nchini Kenya, wengi wao wasio na elimu ya darasani, wakawahoji juu ya Mungu, haki, uhuru na kifo. Alitofautisha mwenye hekima wa kawaida, anayeijua vizuri mila ya watu wake na kuieleza, na mwenye hekima wa kifalsafa, anayeijua mila hiyo na pia kuipima, akakubali sehemu na kukataa sehemu kwa sababu anazoweza kuzitetea. Waliokuwa wakidai kwamba Mwafrika hufikiri kwa pamoja tu, bila mtu mmoja kusimama na kuhoji, alitaka wajibiwe na wazee wenyewe.

Tangu nilipomsoma, ninawapa wanafunzi kazi ya nyumbani ya namna yake. Wanachagua methali, wanamwendea mzee, na hawamuulizi watu husema nini. Wanamuuliza yeye mwenyewe anaionaje na kwa nini. Msichana mmoja alimpelekea bibi yake "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Jibu aliloleta aliliandika kama alivyolisikia: "Mjukuu wangu, mimi nililisikia la mkuu. Niliambiwa niache shule niolewe, nikaacha. Guu likavunjika huko huko kwenye kusikia. Tangu hapo mkubwa akiniambia neno nalipokea kwa heshima, halafu nauliza yeye kalipata wapi." Nililisoma jibu hilo mbele ya darasa kwa ruhusa ya bibi huyo, na mjadala uliofuata uligusa mambo ambayo Socrates, Ghazali na Dewey wangekaa kuyasikiliza, kwa sababu mwanafunzi mmoja alitetea methali kwa nguvu: bibi hakuipinga, alisema, ameiongezea sharti. Wengine wakataka kujua kama methali yenye sharti bado ni methali ileile. Wazazi wawili watatu walikuja baadaye kuuliza kazi nyingine kama hiyo itatolewa lini, maana wazee nyumbani walikuwa wanasubiri kuulizwa.

Wenzangu kazini huniuliza haya yote yanaingiaje katika ratiba inayoongozwa na mtihani wa taifa, na ni swali la haki, kwa kuwa mwanafunzi asiyejua hoja sita za Maji Maji atakosa alama na mimi siwezi kumlipia. Ninazifundisha zote sita. Katika mitihani yetu ya ndani, hata hivyo, swali moja la alama 10 huwa ni la hoja: alama 2 ni za msimamo ulioelezwa waziwazi, alama 5 ni za sababu na ushahidi, na alama 3 ni za kueleza kwa haki hoja ya upande wa pili na kuijibu. Mwanafunzi anayechukua msimamo ambao mimi siukubali anaweza kupata zote 10, na kila muhula wapo wanaozipata. Kusahihisha kunachukua muda mrefu, kwa hiyo wanafunzi husomeana insha kwanza, wawili kwa kila insha, kila mmoja akiandika alama na sababu zake bila kuona za mwenzake. Zile ambazo wasomaji wake wametofautiana kwa zaidi ya alama 2 ndizo ninazoanza nazo, na mara nyingi nawaita wote watatu, mwandishi na wasomaji wake, wakae nami waeleze kila mmoja ameona nini kabla sijaandika alama yangu.